Stanley Kubrick: Mwelekezi aliyeshinda giza kwa mwanga wa mishumaa

WAPENZI wa sinema wanapomtaja Stanley Kubrick, wengi hukumbuka safari ya angani katika filamu ya 2001: A Space Odyssey, au hoteli yenye mizuka katika The Shining. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwelekezi huyo Mmarekani alitumia zaidi ya nusu karne akipambana na adui anayemkabili kila mpiga picha duniani: uhaba wa mwanga ndani ya nyumba.

Vita hivyo alivianza akiwa kijana katika treni za chini ya ardhi jijini New York. Vilifika kileleni katika miaka ya 1973 na 1974, alipowasha mishumaa ndani ya majumba ya kale akiandaa filamu ya Barry Lyndon. Alivihitimisha siku chache tu kabla ya kuaga dunia mwaka wa 1999.

Silaha zake zilikuwa tatu: lenzi, subira isiyo na kifani, na ufundi wa maabara ambao wapiga picha huuita kusukuma filamu.

Kubrick alizaliwa Julai 26, 1928, mtaani Manhattan, New York, katika familia ya Kiyahudi, na akalelewa katika mtaa wa Bronx. Babake, Jacob Kubrick, alikuwa daktari, na mamake aliitwa Gertrude. Alikuwa na dada mmoja mdogo, Barbara.

Shuleni hakuwa wa kupigiwa mfano. Alama zake zilikuwa za wastani na alizoea kukosa masomo ili aende kutazama sinema. Babake alitambua kwamba kijana huyo hakuwa mjinga bali alikosa jambo la kumvutia. Alimfundisha mchezo wa sataranji, na alipofikisha umri wa miaka 13 akamnunulia kamera aina ya Graflex.

Zawadi hizo mbili ndizo zilizomlea. Sataranji ilimfunza kutulia, kuwaza na kutohamisha kete kabla ya kupima matokeo yake. Kamera nayo ilimfunza kutazama.

Mnamo Aprili 1945 Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani alifariki. Kubrick, ambaye hakuwa ametimiza miaka 17, alimwona mchuuzi wa magazeti akiwa ameinama kwa huzuni kibandani, amezungukwa na vichwa vya habari vya msiba huo. Alimpiga picha na kuiuza kwa jarida la Look kwa Dola 25. Hata hivyo, huzuni hiyo haikuwa ya bahati tupu, kwa kuwa kijana huyo alikuwa amemrai mchuuzi aonyeshe majonzi zaidi.

Baada ya shule ya upili, milango ya vyuo vikuu ilimfungia. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha na maelfu ya wanajeshi waliorejea nyumbani walikuwa wakigombea nafasi hizo hizo. Jarida la Look lilimwajiri mwaka wa 1946, akawa mmoja wa wapiga picha wake wachanga zaidi.

Kwenye treni usiku

Kazi mojawapo iliyomtambulisha ilihusu abiria wa treni za chini ya ardhi, na ilichapishwa Machi 1947. Kwa wiki mbili Kubrick alisafiri katika treni hizo, mara nyingi kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili alfajiri, akiwa na kamera ndogo aina ya Contax.

Alitaka kuwanasa walevi waliosinzia, wapenzi waliokumbatiana na vibarua waliochoka bila wao kujua. Kwa sababu hiyo hangeweza kutumia taa ya kumulika. Mwako mmoja tu ungewaamsha waliolala na kuwashtua waliokuwa macho.

Taa za mabehewa zilikuwa hafifu. Ilimbidi aache kamera wazi kwa muda wa thumuni ya sekunde moja, yaani sehemu moja kwa nane, muda ambao ni mrefu mno kwa kamera iliyoshikwa mkononi. Kwa vile behewa lilitikisika, alisubiri hadi treni iliposimama kituoni ndipo akapiga. Hata baada ya hayo, ukanda ulikuwa umepokea mwanga kidogo, na muda wa kuusafisha ukalazimika kuongezwa hadi mara tatu ya ule wa kawaida.

Picha hizo zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe, lakini kanuni aliyojifunza humo ndiyo aliyokuja kuitumia katika filamu za rangi miongo mitatu baadaye.

Kusukuma filamu ni nini?

Kila ukanda wa filamu huwa na kipimo cha wepesi wake wa kupokea mwanga. Zamani kipimo hicho kilijulikana kama ASA, na siku hizi huitwa ISO. Ukanda wa kipimo cha 100 huhitaji mwanga maradufu ya ule unaohitajiwa na ukanda wa 200.

Mpiga picha aliye na ukanda wa 100 katika chumba chenye mwanga haba anaweza kuamua kuutumia kana kwamba ni wa 200. Akifanya hivyo, kila picha itapokea nusu tu ya mwanga inaostahili. Upungufu huo hufidiwa maabarani, ambapo ukanda huachwa ndani ya dawa ya kusafishia kwa muda mrefu zaidi. Hiyo ndiyo maana ya kuusukuma kwa hatua moja. Ukitumiwa kana kwamba ni wa 400, basi umesukumwa hatua mbili.

Katika negativu ya rangi, kazi hiyo ina mitego mingi. Ukanda huo una tabaka za aina tatu: ya kupokea mwanga wa buluu, ya kijani na ya nyekundu. Dawa inapozidishiwa muda, tabaka hizo hazikui kwa kasi sawa. Matokeo yake ni kwamba vivuli vinaweza kuegemea rangi moja ilhali sehemu zenye nuru zinaegemea nyingine. Aidha, chembechembe za picha huongezeka, na tofauti kati ya mwanga na giza huwa kali zaidi.

Kwa mfano, katika utaratibu wa C-41, ambao kampuni ya Kodak iliuzindua mwaka wa 1972 kwa picha za kawaida, negativu hukaa katika dawa ya kwanza kwa dakika tatu na sekunde 15, kwenye joto la nyuzi 37.8 za Selsiasi. Kuisukuma kwa hatua moja huongeza takriban nusu dakika tu. Filamu za sinema zina utaratibu wake tofauti, lakini msingi ni ule ule.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba dawa haiwezi kuumba kisichokuwapo. Hukuza kile ambacho mwanga ulikigusa. Mahali ambapo mwanga haukufika kabisa, patabaki peusi hata ukanda ukeshe ndani ya dawa. Isitoshe, ukanda ukishasafishwa hakuna kurudi nyuma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kutoka picha hadi sinema

Kubrick aliacha jarida la Look na kugeukia sinema. Filamu yake fupi ya kwanza, Day of the Fight, ilimhusu bondia Walter Cartier na ilitolewa mwaka wa 1951. Fear and Desire ilifuata mwaka wa 1953, ikigharamiwa kwa sehemu kubwa na jamaa zake. Baadaye aliichukia kazi hiyo kiasi cha kutotaka ionyeshwe.

Filamu za The Killing mwaka wa 1956 na Paths of Glory mwaka wa 1957 zilimpa heshima. Akiwa katika maandalizi ya Paths of Glory nchini Ujerumani alikutana na mwigizaji Christiane Harlan, aliyekuja kuwa mkewe wa tatu na kuishi naye hadi kifo kilipowatenganisha.

Filamu ya Spartacus ya mwaka wa 1960 ilimwonyesha jinsi kuwa na pesa nyingi bila mamlaka kulivyo mzigo. Studio ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho. Mpiga picha mkuu, Russell Metty, alilalamika kwamba mwelekezi huyo alikuwa akimnyang'anya kazi kwa kuamua kila taa iwekwe wapi. Metty alishinda tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wa filamu hiyo, na Kubrick akaapa kutokubali tena kuongozwa.

Alihamia Uingereza katika miaka ya 1960 na kuishi huko hadi mwisho wa maisha yake. Dr. Strangelove ilitoka mwaka wa 1964, kisha 2001: A Space Odyssey mwaka wa 1968. Hiyo ya pili ilimletea tuzo pekee ya Oscar aliyopata kwa jina lake mwenyewe, nayo ilikuwa ya ustadi wa picha za kimiujiza, si ya uelekezi.

A Clockwork Orange ya mwaka wa 1971 ilizua zogo. Familia yake ilipotishwa kutokana na madai kwamba filamu hiyo ilichochea ghasia, Kubrick aliomba iondolewe katika kumbi za Uingereza. Haikurudi humo hadi mwaka wa 2000, akiwa tayari kaburini.

Mishumaa ya Barry Lyndon

Kwa miaka kadhaa Kubrick alikuwa ametafiti maisha ya Napoleon Bonaparte akinuia kuyatengenezea filamu. Wafadhili walipojiondoa, sehemu ya utafiti huo aliielekeza katika riwaya ya William Makepeace Thackeray ya mwaka wa 1844, inayosimulia kijana wa Ireland katika karne ya 18 anayepanda ngazi ya utajiri kwa hila kisha akaanguka.

Swali lililomsumbua lilikuwa rahisi kulitamka ila gumu kulijibu. Watu wa karne hiyo walikula, wakacheza kamari na kupendana usiku kwa mwanga wa mishumaa. Filamu nyingi za aina hiyo ziliweka mshumaa mezani kama pambo, huku taa kubwa za umeme zikimulika chumba kutoka pembeni. Kubrick alitaka mshumaa wenyewe ndio umulike.

Ukanda wa rangi wa Kodak uliotumiwa wakati huo, nambari 5254, ulikuwa na kipimo cha 100 pekee. Kwa lenzi za kawaida, chumba kilichowashwa mishumaa kingetokea kuwa giza totoro.

Suluhisho lilipatikana katika mabaki ya safari za mwezini. Kampuni ya Carl Zeiss ya Ujerumani ilikuwa imetengeneza lenzi 10 za milimita 50 zenye tundu la f/0.7 kwa ajili ya mradi wa Apollo wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Kubrick alinunua tatu. Tundu hilo hupitisha mwanga mara nne ya lenzi ya f/1.4, ambayo yenyewe huhesabiwa kuwa pana.

Lakini lenzi hizo hazikuundwa kwa kamera za sinema. Kioo chake cha nyuma kilihitaji kukaa milimita chache tu kutoka kwenye ukanda. Fundi Ed DiGiulio wa Marekani alilazimika kuichonga upya kamera ya Mitchell BNC, kiasi kwamba baada ya hapo haingeweza kutumia lenzi nyingine.

Hata kwa lenzi hiyo, mwanga bado haukutosha. Ndipo Kubrick na mpiga picha wake mkuu, John Alcott, wakarejea katika ufundi ule wa kale wa treni za New York. Ukanda wa 100 ulihesabiwa kuwa wa 200, na maabara ikaagizwa kuusukuma kwa hatua moja.

Hatari ilikuwa bayana. Kila usiku wa kazi uligharimu pesa nyingi, na yote yaliyofanywa na waigizaji, washonaji na mafundi yalikuwa ndani ya ukanda uliopokea nusu ya mwanga wake. Kosa dogo katika kipimo lingeteketeza yote. Kwa hiyo Kubrick alipima, akajaribu na kujaribu tena, akitumia pia picha za papo hapo za Polaroid kuchunguza mwanga kabla ya kamera kuwashwa.

Tatizo jingine lilikuwa uwazi wa picha. Tundu pana namna hiyo huacha eneo jembamba mno ambalo huonekana vizuri. Mwigizaji akiinama mbele kidogo tu, uso wake hupotea katika ukungu. Ryan O'Neal, Marisa Berenson na wenzao walitakiwa kuketi karibu bila kutikisika. Msaidizi wa kamera, Douglas Milsome, aliwafuatilia kupitia kamera ndogo ya video iliyowekwa ubavuni ili ajue walikuwa umbali gani.

Utulivu huo wa kulazimishwa uligeuka kuwa uzuri wa filamu yenyewe. Watu waliopakwa poda na kuvishwa nywele bandia wanaonekana kama waliofungwa ndani ya mchoro, na namna hiyo ndivyo tabaka lao lilivyokuwa, limefungwa na adabu zake. Mwanga wa mshumaa, ambao ni mwekundu-manjano kuliko ule wa taa za studio, uliachwa na rangi yake ya asili.

Ni vyema kueleza kwamba si filamu nzima iliyopigwa hivyo, kama inavyodhaniwa na wengi. Katika matukio mengi ya mchana, Alcott aliweka taa kubwa nje ya madirisha ili kuiga jua linalohamahama. Hata katika vyumba vya mishumaa, vibao vya bati viliwekwa juu ya vinara vilivyoning'inia, ili kukinga dari za kale dhidi ya joto na kurudisha mwanga chini. Uaminifu wa Kubrick haukuwa wa kukataa hila, bali wa kuhakikisha kwamba kila hila inautumikia ukweli.

Barry Lyndon ilitolewa mwaka wa 1975. Nchini Marekani watazamaji wengi waliiona kuwa ndefu na baridi, na mapato yakawavunja moyo wenye mtaji. Hata hivyo, mwaka wa 1976 ilitwaa tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya upigaji picha iliyomwendea Alcott. Wakati huo jumba la Powerscourt nchini Ireland, lililotumiwa katika baadhi ya matukio, lilikuwa limekwisha kuungua katika mkasa wa moto wa mwaka wa 1974.

Miaka ya mwisho

Kubrick aliendelea na The Shining mwaka wa 1980 na Full Metal Jacket mwaka wa 1987. Sifa ya kurudia tukio moja mara nyingi kupita kiasi ilimwandama. Wapo waliomwona mkatili kwa waigizaji, hasa jinsi alivyomtaabisha Shelley Duvall katika The Shining. Ubora aliousaka ulikuwa na bei, na mara nyingi waliolipa walikuwa wengine.

Filamu yake ya mwisho, Eyes Wide Shut, ilianza kupigwa mwishoni mwa mwaka wa 1996 na kuchukua zaidi ya siku 400. Tom Cruise na Nicole Kidman waliigiza mke na mume wa New York wanaoandamwa na wivu. Kwa kuwa Kubrick hakupenda kusafiri kwa ndege, mitaa ya jiji alikozaliwa ilijengwa upya katika studio nchini Uingereza.

Kufikia wakati huo Kodak ilikuwa na ukanda wa rangi wa kipimo cha 500, mara tano ya ule wa Barry Lyndon. Wengi wangeridhika nao. Kubrick na mpiga picha wake, Larry Smith, waliusukuma hatua mbili zaidi. Hivyo waliweza kutegemea taa za kawaida za mezani na zile ndogondogo za mti wa Krismasi. Chembechembe zilijitokeza, nuru ikatapakaa, rangi zikakolea. Kasoro ambazo maabara nyingine zingeziomba radhi ndizo zilizoipa filamu hiyo sura ya ndoto.

Mapema Machi 1999 aliwaonyesha wakuu wa kampuni ya Warner Bros na waigizaji wake wawili wakuu filamu hiyo ikiwa imehaririwa. Siku chache baadaye, Machi 7, alifariki usingizini kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 70. Alizikwa nyumbani kwake Childwickbury, katika jimbo la Hertfordshire, na filamu ikatolewa Julai mwaka huo.

Hakuwahi kushinda Oscar ya mwelekezi bora. Nyaraka zake zinahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha London, ambako wanafunzi huzichambua.

Leo hii simu ya mkononi inaweza kupiga picha ya chakula cha jioni penye mshumaa mmoja, na mwenyewe akaiona papo hapo. Kubrick hakuwa na anasa hiyo. Alipima mwanga, akafanya uamuzi, akaupeleka ukanda maabarani na kungoja. Wanaotumia filamu za rangi hadi sasa wangali wanaongozwa na somo lile alilolipata kwenye behewa la treni akiwa hajatimiza miaka 20: giza halifukuzwi kwa taa kubwa pekee, bali pia kwa kujua kiasi cha mwanga ulichonacho, na kuwa tayari kulipia kile unachokopa.